Anza na Gata, Tanki Litafuata

Usianze na tanki. Najua ndilo linaloonekana, ndilo majirani wanaloliona likishushwa getini kutoka kwenye guta, lakini usianze nalo. Pita Boko, Bunju, Madale au Mabwepande hapa Dar es Salaam uangalie: simtanki la lita 5,000 limesimama kando ya nyumba, jeusi, linang'aa, na paa lililo juu yake halina hata mita moja ya gata. Mvua ikija, maji ya paa zima yanachimba mchanga kuzunguka msingi, na tanki linaendelea kusubiri boza. Hela yote imeishia kwenye chombo, haikubaki ya kuyafikisha maji ndani ya chombo.

Mwenye uwezo mdogo afanye kinyume. Aweke gata zuri upande mmoja wa paa, achukue tanki dogo, kisha aongeze kadiri mfuko unavyoruhusu. Tanki la lita 1,000 lililounganishwa na gata lisilovuja litamfaa zaidi ya la lita 10,000 linalotegemea ndoo iliyowekwa chini ya mchirizi.

Kwa nini kuhangaika na mvua wakati bomba la mamlaka ya maji, DAWASA, limefika mtaani? Sababu ya kwanza inakumbukwa na kila mtu. Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka, mgao ukaingia jiji zima, na bei ya dumu ikapanda. Maji ya bomba ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu nao huanzia milima ya Uluguru. Kukiwa kukavu huko, bomba lako la Tegeta linalijua hilo ndani ya wiki chache.

Sababu ya pili huzungumzwa zaidi jikoni kuliko kwenye vikao. Visima vingi vya ukanda wa karibu na bahari, kuanzia Mikocheni hadi Kunduchi na Mbweni, vinatoa maji ya chumvi. Ni maji ya kudekia na kumwagia choo. Ukifulia, sabuni haitoi povu na shati jeupe linageuka rangi ya majivu. Birika la chai linaota ukoko mweupe, koki zinaoza, na maharage yanachemka tangu asubuhi bila kulainika. Maji ya mvua hayana kasoro hata moja kati ya hizo. Kwa hiyo mwenye kisima cha chumvi asiyaone maji ya mvua kama mbadala wa kisima. Ayaone kama maji ya kazi zile ambazo kisima chake hakiziwezi: chai, maharage, uji wa mtoto, nguo nyeupe, kuogea wageni. Ukilitazama jambo hivi, kiasi unachohitaji kuhifadhi kinapungua sana.

Hesabu ya paa lako

Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja ya maji. Hesabu yote inaanzia hapo. Chukua futi kamba, pima urefu na upana wa nyumba chini kwenye ardhi, ukijumlisha na sehemu ya bati inayotokeza nje ya ukuta. Huna haja ya kupanda juu kupima mteremko wa bati, kwani mvua haijali mteremko. Nyumba ya mita 10 kwa 8 ni mita za mraba 80. Toa kama sehemu moja kati ya tano kwa ajili ya maji yanayoruka, yanayokauka juu ya bati na yale ya mwanzo utakayoyamwaga. Mvua ya milimita 10, ambayo ni mvua ya kawaida kabisa ya masika, itakupa lita 640 kwenye paa hilo. Hayo ni madumu 32.

Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 za mvua kwa mwaka. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ndiyo yenye wingi, na Aprili peke yake kwa kawaida hupita milimita 200. Paa letu la mita 80 lingeshusha lita 12,800 mwezi huo mmoja, sawa na madumu 640. Zidisha mwenyewe kwa bei ya dumu mtaani kwako. Hata ukiweka gata upande mmoja tu wa paa, bado ni madumu 320, na hapo hujayagusa ya Machi wala Mei.

Sasa linakuja swali la tanki. Watu wengi hukadiria tanki kwa kuangalia wingi wa mvua, lakini kipimo sahihi ni urefu wa kiangazi. Wakati wa masika tanki dogo hujaa na kujaa tena. Familia ya watu watano inayotumia lita 100 kwa siku itamaliza tanki la lita 1,000 kwa siku kumi, na ni nadra Aprili kupita siku kumi bila mvua ya kulijaza. Tanki kubwa lina kazi moja tu, kukuvusha kutoka Juni hadi Septemba, miezi ambayo mvua ni ya kurashia vumbi. Ukitaka maji ya mvua ya kunywa na kupikia tu kwa kipindi hicho, weka lita 5 kwa kila mtu kwa siku. Watu watano ni lita 25. Tanki la lita 3,000 likijaa mwishoni mwa Mei litakufikisha mwishoni mwa Septemba, kama hakuna anayelichota kwa kuoshea gari. Ukitaka kulitumia kwa kila kitu kwa lita 100 kwa siku, utahitaji zaidi ya lita 12,000, na hapo ndipo fedha zinapoanza kuuma. Ushauri wangu kwa nyumba ya kawaida ni lita 5,000 kwa kunywa, kupika na kufulia nguo nyeupe. Mengine yatoke kisimani au bombani.

Ukianza na lita 1,000 leo, mwombe fundi aache nafasi ya kuunganisha tanki la pili. Matanki mawili yanayokaa kwenye usawa mmoja huunganishwa kwa bomba la chini lenye koki katikati, yakajaa na kushuka pamoja. Koki hiyo ni muhimu: siku unapoosha tanki moja, lingine linabaki na maji.

Gata lenyewe

Mafundi wetu wanajua kupiga bati. Kufunga gata ni kazi nyingine, na wengi huifanya kama pambo la kumalizia nyumba. Gata linafungwa likiwa limenyooka kabisa ili lipendeze kutoka barabarani, au linainamia upande ambao hauna tanki. Simama na fundi wako mwanzo wa kazi. Mwambie avute kamba kutoka mwisho mmoja wa ubao wa ukingo hadi mwingine, akitumia pimamaji, na gata lishuke sentimita moja kwa kila mita kuelekea upande wa tanki. Ukuta wa mita 10 unashuka sentimita 10. Kwa macho hutambui, maji yanatambua.

Vishikio viwe karibu karibu, kila sentimita 60 hivi. Gata lililojaa maji ni zito, na vishikio vikiwa mbali linalegea katikati kama kamba ya kuanikia nguo, maji yanatuama hapo, na baada ya wiki una mazalia ya mbu juu ya dirisha la chumba cha kulala. Ukingo wa bati uingie ndani ya gata sentimita chache, usiishie kwenye mdomo wake. Mvua ya masika ya Dar mara nyingi huja na upepo kutoka baharini, na maji yanayotoka kwa kasi kwenye bati lenye mteremko mkali huruka gata lote yakaangukia nje. Ukiona hivyo, fundi anaweza kufunga kipande cha bati kilichosimama kwenye mdomo wa nje wa gata ili kiyarudishe ndani.

Bomba la kushusha maji ndipo watu wanapobana matumizi pasipostahili. Mvua kubwa ya milimita 50 kwa saa juu ya paa la mita 80 inaleta lita 4,000 ndani ya saa hiyo, yaani karibu lita 67 kila dakika. Bomba la inchi 2 halimezi mzigo huo. Gata litafurika, na maji yatatiririka ukutani mpaka rangi ibanduke. Weka inchi 4, au inchi 3 kama unavuna nusu ya paa. Kwa walio karibu na bahari, gata la plastiki linadumu kuliko la bati, kwa sababu upepo wa chumvi unalila bati kwa haraka, ingawa jua nalo hukausha plastiki ikawa nyepesi kupasuka. Lipake rangi.

Kabla hujamlipa fundi, panda ngazi na ndoo ya maji. Yamimine taratibu kwenye ncha ya juu ya gata, uyafuate kwa macho. Yanapaswa kusafiri mfululizo hadi kwenye bomba bila kusita. Yakisimama mahali yakafanya kidimbwi, hata kidogo, kishikio cha hapo kishushwe au kipandishwe sasa hivi, fundi akiwa bado yupo. Tazama pia kwenye maungio: tone likianza kuning'inia chini ya kiungo leo, mwezi wa nne litakuwa mchirizi. Ndoo moja inatosha kukuambia kama kazi imefanyika, na fundi mzuri hatakasirika ukimwaga maji mbele yake.

Neno moja kuhusu nyumba za kuficha paa ambazo sasa zimejaa Goba, Salasala na Mbweni. Zinapendeza, lakini zina mfereji wa ndani nyuma ya ukuta, na mfereji huo ukiziba maji hayana pa kwenda isipokuwa kwenye dari. Faida yake ni kwamba maji yote yameshakusanywa. Unachohitaji ni kuyaelekeza mabomba ya kushushia kwenye tanki. Kagua majani kwenye mfereji kila mwezi, si kila mwaka.

Maji ya mwanzo ni ya kumwaga

Anayetaka kujua kilicho juu ya paa lake achukue chupa angavu ya plastiki, aikinge chini ya bomba la kushushia katika dakika za kwanza za mvua ya kwanza ya vuli, kisha aiinue kwenye mwanga. Rangi ni ya chai ya rangi. Kuna vumbi la barabara lililojikusanya tangu Juni, masizi, majani ya mwembe yaliyosagika, mbawa za wadudu, na mara nyingi kipande cha mfupa wa samaki. Huo ni mzigo wa kunguru. Kunguru wa India, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea pwani nzima, wanaona paa la mkazi wa Dar es Salaam kama meza yao: wanaokota jalalani, wanakula juu ya bati, na wanaacha kinyesi hapohapo. Ongeza paka, popo na mijusi. Jaza chupa nyingine baada ya robo saa ya mvua nzito uiweke pembeni ya ile ya kwanza. Tofauti utaiona mwenyewe, huhitaji maabara.

Kwa hiyo maji ya mwanzo yasiingie kwenye tanki. Kipimo kinachotumika sana ni angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa: paa la mita 80 linahitaji kutupa kama lita 40, na zaidi kama limekaa miezi bila mvua au liko kando ya barabara ya vumbi. Njia rahisi ni bomba la kushushia lenye tii. Mkono mmoja unakwenda kwenye tanki, mwingine unashuka hadi kwenye bomba lililosimama, limezibwa chini kwa kizibo cha kufungua. Maji machafu yanajaza bomba hilo kwanza. Likishajaa, yanayofuata yanapita juu na kuingia kwenye tanki. Bomba la inchi 4 hubeba kama lita 8 kwa kila mita ya urefu, kwa hiyo bomba la mita 3 halitoshi peke yake. Liunganishe na dumu au pipa dogo lililofungwa hapo chini. Tundu dogo kwenye kizibo litamwaga maji hayo taratibu mvua ikikatika, ili mtambo uwe tayari kwa mvua inayofuata. Maji hayo hayapotei, yanamwagilia mchicha.

Asiye na fedha ya tii ageuze bomba kwa mkono. Kipande cha mwisho kisigundishwe: mvua ikianza kinaelekezwa nje, robo saa ikipita kinarudishwa juu ya tanki. Shida yake ni kwamba lazima kuwe na mtu nyumbani, na mvua za Aprili hupenda kuja saa tisa usiku.

Bati jipya, hasa lenye rangi, liachwe lioshwe na mvua kadhaa kabla ya kuvuna. Paa la makuti hutoa maji ya rangi ya kahawia yenye harufu, yanafaa bustanini. Paa la zamani la asbesto lisikatwe, lisitobolewe wala kusuguliwa; vumbi lake likivutwa kwa pumzi ni hatari, na maji yake yabaki ya kudekia. Pia kata matawi ya mti ulioegemea paa. Hata kama ni mwembe dodo.

Tanki, kitako chake na koki

Lita 1,000 ni tani moja. Tanki la lita 5,000 likijaa ni tani tano zilizokaa mahali padogo, na mchanga wa Boko au Mbweni unazama upande mmoja bila kukuuliza. Jengea kitako kipana kuliko tanki lenyewe: tofali kuzunguka, ndani kifusi cha mawe kilichoshindiliwa vizuri, juu zege lililosawazishwa. Kokoto moja iliyochomoza chini ya tanki la plastiki inatosha kulitoboa miaka miwili baadaye. Kitako kiwe na kimo cha ndoo kubwa na nafasi kidogo, ili ndoo iingie chini ya koki bila kuinamisha tanki wala mgongo. Achana na minara ya mbao kwa tanki zaidi ya lita 500. Watoto hucheza chini yake.

Koki ya kuchotea isiwe chini kabisa. Ikae sentimita 5 hadi 10 juu ya sakafu ya tanki, kwa kuwa tope laini hutulia chini na si vizuri kulivuruga. Chini kabisa kuwe na tundu la kuoshea. Tanki liwe la rangi isiyopitisha mwanga, maana ukungu wa kijani unahitaji mwanga ili kuota. Kila tundu, la kuingizia, la kutolea maji ya ziada na la hewa, lifungwe chandarua chenye matundu madogo, kilichobanwa kwa waya. Hili lina sababu nzito. Mbu anayeeneza homa ya dengue, ambayo magazeti yetu huiita pia kidingapopo, hazalii kwenye mitaro michafu, anapenda maji safi yaliyotulia: pipa, tanki, tairi, chombo cha maua. Mlipuko wa mwaka 2014 uliikumba Dar es Salaam, na wilaya ya Kinondoni ndiyo iliyokuwa na wagonjwa wengi zaidi. Mayai yake hunata kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji na kukaa makavu miezi mingi yakisubiri kulowa. Kwa hiyo kubadilisha maji ya pipa hakutoshi, ukuta wa ndani usuguliwe kwa brashi.

Bomba la maji ya ziada liwe na upana uleule wa bomba la kuingizia. Tanki likijaa Aprili, kinachoingia lazima kitoke, na kikikosa njia kitainua mfuniko. Maji hayo yaelekeze mbali na msingi wako na mbali na ukuta wa jirani. Kesi ngapi za serikali ya mtaa zinaanzia hapo! Kama una nafasi, chimba shimo la kina cha kiuno, lijaze mawe, yazame humo, au yapeleke kwenye migomba na mipapai. Wanaoishi kwenye miinuko ya Madale na Salasala wanajua korongo linavyozaliwa kwa mchirizi wa paa moja, na wanaoishi chini, kwenye mabonde ya mito ya Tegeta, Mlalakua na Msimbazi, hupokea kila kilichotupwa na walio juu.

Usichanganye maji ya paa na maji ya ardhini. Usichimbe shimo la kukinga mtiririko wa uani kwa matumizi ya nyumbani. Mvua kubwa ikinyesha, wapo wanaotapisha vyoo, na mtiririko huo unapita mbele ya geti lako. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 uliripotiwa kwanza hapahapa Kinondoni. Visima vifupi navyo huingiliwa na mashimo ya vyoo msimu huohuo, ndiyo maana maji ya paa yaliyokingwa vizuri yanaweza kuwa salama kuliko ya kisima cha jirani, mradi yatibiwe kabla ya kunywa.

Kutibu si kazi kubwa. Yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, yachemshe mpaka yatokote kwa dakika moja kamili, yapoe kwenye chombo chenye mfuniko. Mkaa ukiwa ghali, tumia vidonge vya klorini vya duka la dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, usubiri nusu saa kabla ya kunywa. Jua pia linafanya kazi: chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, zilizojazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa saa sita za jua kali, au siku mbili kama kuna mawingu. Ladha itakuwa tofauti kidogo na ya bomba, kwa sababu maji ya mvua hayana madini. Chai yake, hata hivyo, haina mpinzani.

Mpangaji naye

Yote haya yanamfaa mwenye nyumba. Mwananyamala, Tandale na Hananasif, ambako vyumba sita vina wapangaji sita na paa ni moja, mambo ni mengine. Hapo anza kwa mazungumzo na mama mwenye nyumba kabla ya msimu, si siku ya mvua. Mwombe ruhusa ya kufunga gata upande wa uani kwa gharama ya wapangaji wote, na mkubaliane tangu mwanzo kwamba gata linabaki na nyumba ila mapipa ni ya walionunua. Bomba la plastiki la inchi 4 lililopasuliwa kwa urefu ni gata zuri la bei nafuu, na hufungwa kwa waya kwenye kenchi.

Pipa la lita 200 ulichunguze asili yake. Lililobeba mafuta ya kula au maji ya matunda linaoshwa na kutumika. Lililobeba kemikali au oili halisafishiki, hata muuzaji aape vipi. Lifunike kitambaa cha khanga kilichokazwa kwa mpira mdomoni: kinachuja uchafu na kuzuia mbu kwa pamoja. Mwenye ndoo tatu tu afuate mpango: asikinge ya mwanzo, akinge ya kati, atumie ya kusuuzia nguo kudekia, na ya kudekia kumwagia choo. Lita moja inafanya kazi tatu.

Hakuna jipya katika kuvuna maji ya mvua. Ndani ya Fort Jesus ya Mombasa, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kuna birika la kukusanyia maji ya mvua. Huko Bermuda, visiwa visivyo na mto hata mmoja, sheria inataka nyumba ivune maji ya paa lake. Sisi tusisubiri kulazimishwa.

Matunzo yenyewe ni ya mara mbili kwa mwaka, Septemba kabla ya vuli na Februari kabla ya masika, karibu na wakati Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa utabiri wa msimu. Fagia paa, toa majani kwenye gata, kagua chandarua, osha tanki likiwa limekauka. Anayeingia ndani ya tanki asiwe peke yake, mwenzake asimame kwenye mdomo akimzungumzisha, na dawa ya kung'arishia nguo isichanganywe kamwe na ya kuoshea choo, maana gesi yake inaua. Mtoto asiingizwe humo hata kama ndiye pekee anayepenya.

Na fundi umwite Februari. Ikifika Aprili simu yake haipokelewi, na ukimpata hatakubali kupanda juu ya bati lililolowa, usimlazimishe.